Mguu wa Chura na Asili ya Betri

Sisi waalimu huulizwa mara nyingi, Je, umeme watoka wapi? Wala hatuwezi kujibu kwa neno moja, maana hata wataalamu wawili wakubwa wa Italia walibishana sana juu ya jambo hili.

Mwaka 1791 Luigi Galvani, mwalimu wa elimu ya viungo mjini Bologna, alitangaza kwamba mguu wa chura aliyekufa, ukiguswa kwa madini mawili ya namna mbalimbali yaliyounganishwa, hushtuka kana kwamba u hai. Akasadiki ya kuwa umeme huo wakaa ndani ya mnyama mwenyewe.

Alessandro Volta, mwalimu wa Pavia, alikubali kwanza. Kisha akalirudia jaribio lile, akaona shaka. Alisema ya kuwa umeme hutoka mahali madini mawili yanapokutana, na mguu wa chura ni shahidi tu. Galvani hakunyamaza. Alionyesha kwamba mguu waweza kushtuka pasipo madini yo yote, mishipa ya fahamu ikigusana. Akafa mwaka 1798, na shauri halijakatwa.

Mwaka 1800 Volta akapanga vipande vya fedha na vya zinki kwa zamu, na kati yao vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi. Umeme ukapita mfululizo, wala hapakuwa na chura. Ndiyo betri ya kwanza. Kwa jina lake twapima msukumo wa umeme hata leo: jiwe moja la tochi lina volti 1.5.

Basi, Galvani alikosa? Sivyo. Leo twajua kwamba mishipa ya fahamu hupitisha umeme kweli. Tena Volta naye hakuona yote: msukumo wa betri hauji kwa kugusana tu, bali kwa zinki kuliwa na kubadilika.

Baadaye njia nyingine zikajulikana. Mwaka 1821 Seebeck aliupata umeme kwa joto. 1831 Faraday, huko London, kwa sumaku na waya. 1839 Becquerel kwa mwanga. 1880 ndugu wawili Curie kwa kubana mawe ya fuwele. Kanuni ya Faraday ndiyo inayotumika Jinja, ambako tangu mwaka 1954 maji ya Nile huzungusha mashine za umeme.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tukibishana na mwenzetu, tusifanye haraka kumwita mwongo. Huenda ameona mlango mmoja, nasi mwingine, na nyumba ni ile ile.