Mfupa uliokufa

Mguu uliokufa ganzi hausikii kitu, na baada ya dakika chache hurudi kuwa mguu. Mfupa uliokufa ni habari nyingine: huuma. Hapa kitenzi "kufa" kimebeba maana yake kamili, kwani seli za mfupa zimekosa damu na zimekwisha.

Panapoathirika zaidi ni kichwa cha mfupa wa paja, lile tufe linalozunguka ndani ya nyonga. Mishipa inayolilisha ni myembamba na hupitia shingoni mwa mfupa, hivyo shingo ikivunjika au nyonga ikiteguka, damu hukatika. Pasipo ajali, visababishi vikubwa ni dawa za steroidi, kama prednisoloni, zinapotumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu, ulevi, na selimundu, ambapo chembe nyekundu zilizopinda kama mundu, sawa na jina la ugonjwa, huziba mishipa. Maumivu huanzia kinenani, ingawa wengine huyasikia gotini, na goti lisilo na kosa hupigwa picha bure. Hata eksirei ya nyonga yenyewe huweza kutoonyesha kitu mwanzoni. Kipimo cha MRI hugundua mapema.

Magongo na dawa za maumivu hupunguza mateso, lakini havifufui mfupa. Kabla tufe halijabonyea, daktari wa mifupa anaweza kulitoboa tundu ili kupunguza shinikizo la ndani na kuruhusu mishipa mipya kuota. Likishabonyea, mara nyingi hubaki upasuaji wa kuweka nyonga ya bandia.