Rejeta ya Mvuke, Jiko la Makaa na Baridi ya Eastlands

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na lugha za programu, nataka tuzungumze kuhusu joto. Walioko Mombasa na Dar es Salaam wanaweza kucheka, lakini sisi tunaoishi Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, tunajua Julai ni mwezi wa aina gani. Usiku kipimajoto hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na nyumba zetu za mawe hazina chochote cha kuzipasha.

Kuna wazo la kizamani ambalo kila nikikutana nalo hunifanya nichukue kalamu na karatasi. Ni rejeta ya mvuke ya kubebeka. Rejeta mnaijua ile ya gari, ila hapa kazi yake si kupoza injini bali kupasha chumba. Unatia maji kidogo kwenye kitako chake, unaiweka juu ya jiko la kawaida la nyumbani, maji yanachemka, mvuke unapanda kwenye mabomba, unakutana na chuma kilicho baridi, unageuka kuwa maji tena na kuacha joto lake pale pale. Hakuna boila ya jengo zima, hakuna umeme. Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na rejeta za ukoo huu, zilizobeba maji yao na moto wao wa gesi hapo hapo chini. Na mjini New York kampuni ya mvuke ilikuwa imeanza tangu 1882 kuwauzia watu mvuke kwa mabomba yaliyopita chini ya barabara.

Sasa swali lililonikaa kichwani: kwa nini kitu kama hiki hakikuzaliwa Eastlands, mahali ambapo mvuke ulikuwa mlangoni?

Nasema mlangoni na simaanishi kwa mfano tu. Reli ilifika Nairobi Mei 1899, na kwa miongo mingi iliyofuata mji huu uliishi kwa injini za mvuke. Wafanyakazi wa reli walikaa Muthurwa na Makongeni, wakisikia honi kutoka vitandani. Katika miaka ya 1955 na 1956 zilikuja zile jitu za Garratt za daraja la 59, injini 34 zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 hivi. Moja yao, namba 5918 iitwayo Mount Gelai, iko kwenye makumbusho ya reli hapa Nairobi, na kama hujawahi kusimama kando yake, nenda ukasimame. Mtu aliyeshinda akilinda moto wa boila ya namna hiyo alirudi jioni kwenye chumba kimoja kisicho na dohani.

Hiyo dohani ndiyo jambo lenyewe. Pumwani ilipangwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Shauri Moyo ikafuata miaka ya 1930, na Kaloleni miaka ya 1940, ambako wafungwa wa vita wa Kiitaliano walitumika katika ujenzi. Mitaa hii haikufanana kwa ubora, na Kaloleni hasa ilichorwa kwa heshima kuliko mingine. Lakini fikra iliyotawala serikali ya kikoloni ni kwamba Mwafrika mjini ni mfanyakazi aliye peke yake, familia yake iko mashambani, atakaa kwa muda kisha atarudi kwao. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter iliyochunguza mishahara ya Waafrika ilikiri kwamba mishahara ilikuwa imekadiriwa kwa mahitaji ya kapera. Vyumba vilikadiriwa vivyo hivyo. Kapera anahitaji mahali pa kulaza ubavu. Upande wa pili wa mji, Muthaiga na Karen, nyumba za Wazungu zilikuwa na mahali pa moto ukutani na dohani juu ya paa. Baridi ilikuwa moja, na waliochora ramani waliijua.

Kwa hiyo Eastlands joto likaachiwa jiko. Jiko la bati, lile la mviringo lenye miguu mitatu, hutajwa kuwa lilikuja na mafundi wa Kihindi wa enzi za reli, kisha mafundi wetu wakalichukua wakawa wanalikata kutoka madebe na mapipa makuukuu. Lilikuwa la kupikia, la kuchomea mahindi, la kuotea moto, na ukiligeuza lilikuwa na kazi nyingine ambazo sitazitaja. Nyanya yangu aliliwashia nje, akalipepea mpaka makaa yakawa mekundu, ndipo akaliingiza ndani.

Tufike sasa kwenye sehemu ninayoipenda zaidi. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya hapa Nairobi mkutano mkubwa kuhusu nishati mpya na jadidifu. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda vibaya, misitu ilikuwa inaisha, na makaa yalikuwa yanakula mfuko wa mtu wa kawaida. Katika miaka hiyo hiyo wataalamu na mafundi, Maxwell Kinyanjui akiwa miongoni mwa wanaotajwa sana, waliliangalia jiko la ndoo la Thailand lenye ukuta wa udongo wakalioanisha na jiko letu la bati. Muungano wa mashirika ulioitwa KENGO ukasaidia kulieneza. Likatoka jiko lenye kiuno chembamba, bati nje, kigae cha udongo ndani kwenye nusu ya juu, kilichoshikwa kwa saruji iliyochanganywa na vermikulaiti. Matoleo ya kwanza yalikuwa na matatizo: udongo ulipasuka, na wanawake walioyatumia wakasema waziwazi kisichowafaa. Mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji wakarekebisha, wakauza, wakarekebisha tena. Sisi waandika programu tungeiita kazi hiyo kutoa toleo jipya kila wiki.

Na ilifanikiwa. Jiko la bati tupu lilifikisha kwenye sufuria asilimia 10 hadi 20 tu ya joto la makaa; hili la udongo linafikisha asilimia 25 hadi 40. Lilianza kwa bei ghali, ushindani wa jua kali ukaishusha, na katikati ya miaka ya 1990 yalihesabiwa majiko zaidi ya 700,000 yanayotumika Kenya. Sijui programu ngapi za Nairobi zinaweza kujivunia watumiaji wa namna hiyo. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi hao na kuahidi vibanda, ndipo jina la jua kali likaingia kwenye lugha ya serikali.

Lakini angalia vizuri kilichopimwa. Kilipimwa joto linalofika kwenye sufuria. Lile lililopotea kupitia kuta za bati, ambalo lilikuwa zaidi ya nusu ya joto lote, liliandikwa kama hasara, na Januari kweli lilikuwa hasara. Julai, katika chumba cha futi kumi kwa kumi chenye watoto wanne, lilikuwa ndilo blanketi la familia. Jiko la zamani lilikuwa na kazi mbili, na vipimo vya jipya vikaandikwa kwa kazi moja. Simlaumu mtu, kwani makaa yaliyookolewa yalikuwa pesa ya chakula na karo. Ila ile kazi ya pili haikuisha kwa sababu hakuna aliyeiandika. Watu waliendelea kuifanya kwa kuliingiza jiko ndani na kufunga mlango.

Na hapo ndipo tunapopoteza watu. Makaa yaliyoshika vizuri hayatoi moshi, kwa hiyo mtu anadhani yamekuwa salama. Yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa ya oksijeni. Unaumwa kichwa, unalegea, unapata usingizi, nawe ulikuwa unataka usingizi. Karibu kila msimu wa baridi magazeti huwa na habari ya watu waliokutwa asubuhi na jiko kando ya kitanda. Kigae cha udongo hakizuii gesi hiyo. Mama yangu alikuwa na sheria moja ambayo hata mgeni aliitii: jiko hutoka kabla komeo halijaingia.

Turudi basi kwenye rejeta ya mvuke, maana sasa tunajua tunamdai nini. Tunataka joto la jiko liingie ndani na moto wake ubaki nje. Je, inaweza?

Ikikaa juu ya jiko, jiko liko chumbani na gesi iko chumbani. Haijatatua kitu. Basi tuipashe nje tuibebe ndani. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 kwa sababu ya mwinuko wetu, na mvuke wake ni mwepesi mno: lita 10 za mvuke zina uzito wa gramu 5 tu hivi. Zikigeuka maji zinatoa kilojuli 11. Joto hilo linatosha kupandisha kikombe kimoja cha maji kwa nyuzi kama 11. Chuma chenyewe cha rejeta, tuseme kilo 10, kikipoa kutoka nyuzi 95 hadi 20 kinatoa karibu kilojuli 345, mara thelathini zaidi ya mvuke tunaousifu! Mvuke ni mchukuzi hodari wa joto pale tu moto unapoendelea kuuzalisha, kama ulivyofanya katika mabehewa ya nchi za baridi, ukitoka kwenye injini. Ukiutenga na moto, umebeba chuma tu.

Sasa weka maji mahali pa mvuke. Lita 10 zikishuka kutoka nyuzi 90 hadi 20 zinatoa kilojuli 2,930, sawa na hita ya umeme ya wati 800 ikiwaka saa nzima. Kwenye jiko la udongo linalofikisha asilimia 30, unahitaji kama theluthi ya kilo ya makaa. Nikaandika programu fupi ya mistari arobaini kufuata jinsi chombo kinavyopoa, na kadiri unavyokifunga kwa blanketi ndivyo joto linavyotoka polepole mpaka alfajiri, badala ya kumalizika kabla ya taarifa ya habari. Kuta za mawe zitakunywa sehemu kubwa, kwa hiyo chumba hakitakuwa Mombasa. Kitanda kitakuwa na joto.

Atakayetaka kujaribu asichemshe chombo kilichofungwa kabisa. Sufuria ya presha ina vali kwa sababu. Jerikeni ya plastiki isikaribie maji yanayochemka. Lita 10 za nyuzi 90 zikimwagikia mtoto ni hospitali, kwa hiyo mimi ningegawa katika vyombo viwili vya chuma vyenye mfuniko na vipini, na ningesubiri maji yatulie kabla ya kunyanyua. Kwenye ploti za Pipeline na Umoja zenye korido ya ndani kuna shida nyingine: korido si nje. Gesi inayokaa pale hupita chini ya milango ya majirani. Huko jiko lipande juu ya paa, kwenye kamba za nguo, na maji yashuke na ngazi.