Shukrani ya shaba: historia ya raha za Oostende

Wandugu, tuko mu vakansi kubwa. Mwezi wa saba na wa nane, masomo yamefungwa, mitihani imeisha (ao yenyewe imetumaliza), na kila mtu anatafuta pa kupumzikia. Wenye kuwa Goma na Bukavu wanashuka ziwani. Wa Kalemie wako na mchanga wao wa Tanganyika. Ubelgiji pia ni vile vile, tena kwa miezi ile ile: familia inabeba taulo, mikate na ndoo ndogo za watoto, inapanda treni, inaenda bahari. Na treni ya bahari, mara nyingi, mwisho wake ni Oostende.

Utaniuliza: sisi watu wa Kongo tuko na nini na plaje ya Wabelgiji? Tuko na mambo mingi. Sehemu ya kile ambacho watoto wa kule wanachezea hadi leo ililipwa na watu wa kwetu. Na kwa malipo hayo, mfalme Leopold wa Pili alipewa asante mara mbili: mara ya kwanza kwenye karatasi, 1908, mara ya pili kwenye shaba, 1931. Hizo asante mbili njo napenda tufuate leo.

Tuanze na mji wenyewe. Pwani ya Ubelgiji ni fupi sana, tramu inaimaliza kwa kilometa 67. Oostende ilikuwa bandari ya wavuvi, tena mji wa ngome, umezungukwa na kuta za vita. Reli ilifika 1838, kabla ya miji mingi ya Ulaya kuona hata moshi wa treni. Mfalme wa kwanza, Leopold wa Kwanza, alipenda kupumzika pale na familia yake, na mke wake, malkia Louise-Marie, alifia pale pale mwaka 1850. Kiisha mtoto wao akapata ufalme mwaka 1865, kuta za ngome zikaanza kubomolewa, na mji ukafunguka kutazama bahari. Wageni walikuwa wanaingia maji kwa adabu ya zamani: vibanda vya mbao vyenye magurudumu vinavutwa na farasi mpaka ndani ya mawimbi, mtu anabadilisha nguo ndani, anashuka upande wa bahari. Mchoraji James Ensor, mtoto wa Oostende, ambaye familia yake ilikuwa na duka la kuuza makombe ya bahari na barakoa, alichora mwaka 1890 ile fujo ya waogaji, matajiri na matumbo yao, hakumuonea mtu huruma.

Leopold wa Pili alitaka Oostende ikuwe mji wa wafalme wote wa Ulaya kupumzikia. Uwanja wa mbio za farasi, Wellington, ulifunguliwa 1883. Hapa tuseme ukweli: 1883 fedha ya Kongo haikukuwa bado. Dola Huru ya Kongo ilitangazwa 1885, na miaka ya kwanza mfalme alikuwa anatoa fedha, tena anakopa. Kwa hiyo mwenye kuandika kwamba kila tofali la Oostende ni jasho la Kongo, huyo anatupunguzia nguvu ya neno letu. Historia iko na tarehe, na tarehe zinatosha.

Mambo yaligeuka wakati Ulaya ilianza kuhitaji mpira kwa matairi ya baiskeli na kiisha ya motokari. Kauchu ya msituni ikawa dhahabu. Mwaka 1896 mfalme akajikatia sehemu yake ya pekee, Domaine de la Couronne, yenye karibu kilometa za mraba 250.000, upande wa ziwa ambalo leo tunaliita Mai-Ndombe, na ambalo yeye aliliita kwa jina lake mwenyewe. Eneo hilo ni kubwa mara nane kupita Ubelgiji nzima. Mapato ya pale hayakuingia kwa hazina ya Dola, wala hayakuonyeshwa kwa mtu. Profesa wa sheria wa Brussels, Félicien Cattier, Mbelgiji kabisa, alitoa kitabu 1906 akahesabu: faida ya Domaine kwa miaka kumi hivi, karibu franga milioni 71. Tena akafuata zile fedha zilipoenda, akakuta nyumba na viwanja vilivyonunuliwa Brussels na Oostende.

Sasa muweke miaka pembeni kwa pembeni, kama vile tunafanya mu kaye ya historia.

Kati ya 1902 na 1906, kule Oostende, mfalme alijengesha Galeries royales. Ni njia ndefu ya nguzo, yenye paa, karibu mita 400, pembeni ya bahari. Aliyeichora ni Mfaransa Charles Girault, yule yule wa jumba la makumbusho la Tervuren na wa ile arc kubwa ya Cinquantenaire kule Brussels. Kazi ya hiyo njia ilikuwa nini? Kusudi mfalme na wageni wake watoke kwa chalet yake wafike kwenye mbio za farasi bila kunyeshewa wala kupigwa na upepo. Upepo wa Bahari ya Kaskazini, wenye kuufahamu wanasema haiko mchezo. Basi wakajenga mita 400 za nguzo kwa sababu ya upepo.

Na 1903, katikati ya miaka ile ile, konsuli Mwingereza Roger Casement alikuwa anapanda Mto Kongo. Alikutana na wakimbizi kutoka upande wa lile ziwa. Walimweleza kwa nini walikimbia: kauchu ilizidi kuwa mbali, wanaume wanalala porini siku nyingi kuitafuta, mashamba yanabaki bila mtu, njaa inaingia, na ukirudi na kikapu ambacho hakijajaa, askari wanakungoja. Katika mikoa mingi ya Dola, askari alipaswa kuonyesha mkono wa kuume uliokatwa kwa kila risasi aliyotumia, kusudi mkubwa wake ajue hakuipoteza kwa kuwinda nyama. Hilo si neno la maadui wa mfalme peke yao. Tume ambayo yeye mwenyewe aliituma Kongo 1904 ilisikia ushuhuda mwingi juu ya mambo hayo, na ripoti yake ikatoka 1905.

Tunafika kwa asante ya kwanza. Mwaka 1908, kelele zikiwa zimezidi, Ubelgiji ikachukua Kongo kutoka kwa mikono ya mfalme. Wengi wetu tunajifunza ukurasa huu haraka haraka: Dola Huru imeisha, Kongo ya Wabelgiji imeanza, ukurasa unaofuata. Lakini kulikuwa bei. Ubelgiji ilikubali madeni ya Dola, zaidi ya franga milioni 100. Ikakubali tena franga milioni 45 na nusu za kumaliza majengo ambayo mfalme alikuwa ameanza. Na juu ya hayo, franga milioni 50 kwa mfalme mwenyewe, kama alama ya shukrani kwa sacrifices zake kubwa kwa ajili ya Kongo. Hizo milioni 50 zilipaswa kutoka kwa Kongo yenyewe. Ubelgiji ilisema asante, Kongo ikalipa.

Mfalme alikufa mwaka uliofuata. Mali yake mingi alikuwa amekwisha kuiachia taifa la Ubelgiji kupitia Donation royale, kwa sharti kwamba isiuzwe na sura yake isibadilishwe. Sehemu ya mali hiyo ni ya Oostende, na ule uwanja wa Wellington uko ndani. Donation royale ingali inafanya kazi leo.

Lakini Oostende ya wafalme haikubaki ya wafalme peke yao, na hapa kuna jambo ambalo linanigusa, kwa sababu mshahara wa mtu mdogo ni mshahara wa mtu mdogo popote. Mwezi wa sita 1936, wafanyakazi wa Ubelgiji waligoma kwa mamia ya maelfu: wachimba makaa, watu wa chuma, watu wa bandari. Tarehe 8 mwezi wa saba, sheria ikapita: wafanyakazi wapate siku 6 za kongé kwa mwaka, zenye kulipwa. Siku sita tu! Lakini kwa mtu ambaye hakuwahi kulipwa bila kufanya kazi, ni mlango umefunguliwa. Pole pole familia za wachimba makaa nazo zikaanza kujaza mchanga uliokuwa wa makabaila.

(Kwa kulinganisha: mwaka ule ule, mkulima wa Kongo alikuwa chini ya dekreti ya 1933, iliyoruhusu kumlazimisha hadi siku 60 kwa mwaka za kulima pamba na mazao mengine ya amri. Mmoja siku 6 za kupumzika, mwingine siku 60 za kutumikishwa, na bendera ni moja.)

Raha za leo za Oostende ni raha za familia, za bei ya kawaida. Tramu ya pwani ilianza 1885 kwa mvuke kati ya Oostende na Nieuwpoort, na sasa inatoka De Panne mpaka Knokke, watoto wamebandika pua kwenye vioo. Kuna kuistax, yale magari ya kukanyaga kwa miguu, baba na mama wanasukuma mbele, watoto wanapiga kelele nyuma. Kuna Mercator, meli ya milingoti mitatu ya 1932 iliyofundisha mabaharia, sasa imefungwa palepale katikati ya mji, unapanda unaangalia vitanda vya mabaharia. Farasi wangali wanakimbia Wellington wakati wa jua. Kazino, ile Kursaal ya zamani, Wajerumani waliibomoa wakati wa vita ili kuweka ngome zao, mpya ikajengwa kiisha vita.

Na mchezo ambao napenda kupita yote: watoto wanatengeneza maua ya karatasi, wanachimba duka dogo ndani ya mchanga, wanayapanga, wanauza. Bei ni makombe ya bahari. Ua hili konzi moja, lile konzi tatu. Kuna mabishano ya bei kama soko la Kadutu. Franga haiingii.

Mtoto mwenye kuuza ua hana deni lolote kwetu, tuelewane. Wala yule mchimba makaa wa 1936. Neno langu liko kwa kile kilichosimamishwa juu ya vichwa vyao.

Kwa sababu kwenye matembezi yale ya baharini kuna ile asante ya pili. Mwaka 1931 walisimamisha Leopold wa Pili juu ya farasi, kazi ya mchongaji Alfred Courtens. Chini yake, upande mmoja wako wavuvi wa Oostende wanamshukuru. Upande mwingine wako Wakongo, shaba tupu, wanamtazama juu. Maandishi yanaeleza kwamba ni shukrani ya Wakongo kwa kuwa aliwakomboa kutoka utumwa wa Waarabu.

Sisi wa mashariki tusipite haraka hapo. "Waarabu" wa maandishi yale ni watu wa historia yetu: Tippu Tip, mtoto wake Sefu, Rumaliza, barabara za Kasongo na Nyangwe. Kiswahili hiki ninachokuandikia kilipita njia ile ile. Na utumwa ulikuwa kweli, vijiji vya Maniema viliuona, hakuna sababu ya kuuficha ili tumpinge mfalme vizuri zaidi. Vita vya 1892 mpaka 1894 vilivunja nguvu yao. Mji jirani wa Blankenberge nao uko na mnara wake wa vita hivyo, wa Lippens na De Bruyne, Wabelgiji wawili waliouawa Kasongo 1892. De Bruyne alikuwa mtoto wa Blankenberge. Kwa hiyo mtu anaweza kutembea plaje mbili kwa siku moja, na kwa zote mbili akute Kasongo, bila kujua Kasongo iko wapi. Lakini waliopiga vita kumaliza ule utumwa ndio waliopanga kauchu. Waliowekwa huru, waliwekewa kikapu. Ile sehemu ya habari haikupata shaba.

Mwaka 2004 kikundi chenye kujiita De Stoete Ostendenoare kilikuja na msumeno usiku, kikakata mkono wa Mkongo mmoja wa shaba. Si mkono wa mfalme: wa Mkongo. Ni vile mikono ilikatwa kweli. Wakasema watarudisha siku familia ya kifalme itaomba msamaha. Mji uliamua kuacha sanamu vile vile, bila mkono, na baadaye wakaweka bamba la kueleza.

Tarehe 30 mwezi wa sita 2020, miaka 60 ya uhuru, mfalme Philippe alimwandikia rais Tshisekedi barua, akaonyesha "regrets" zake za kina kabisa. Mwezi wa sita 2022 akayarudilia Kinshasa, mbele ya watu. Wenye kusoma Kifaransa munajua tofauti: "regrets" si "excuses". Kwa lugha yetu, alisikitika, hakuomba msamaha. Pieter De Vos, Mbelgiji, amekwisha kufanya filamu juu ya ule mkono, na jina aliloipatia ni la Kiswahili: Sikitiko.

Mkono haujarudishwa mahali pake.