Nyuso Ambazo Hazikuchorwa

Mhusika wa hadithi ni mali ya nani? Darasani swali hili hujibiwa kwa wepesi: ni mali ya mtunzi. Tangu sheria ya kwanza ya hakimiliki ilipoanza kutumika Uingereza mwaka 1710, sheria zimeelekea jibu hilohilo, lakini wapenzi wa hadithi hawajawahi kulikubali kikamilifu. Arthur Conan Doyle alipomuua Sherlock Holmes katika hadithi iliyotoka Desemba 1893, wasomaji walimwandikia barua za hasira, wengine kama waliofiwa na ndugu. Mwaka 1903 alimfufua.

Huko huko Uingereza, zaidi ya karne moja baadaye, mvutano huo ulijitokeza tena kwa sura tofauti, na ndio ninaotaka tuutazame. Mnamo Machi 2016 kampuni ndogo ya London iitwayo Rusty Quill ilianza kutoa podikasti ya simulizi za kutisha, The Magnus Archives. Podikasti, kwa asiyeizoea, ni kipindi cha sauti kinachopatikana katika intaneti na kusikilizwa wakati wowote autakao msikilizaji. Mtunzi alikuwa Jonathan Sims, na mwelekezaji Alexander J. Newall. Vilitoka vipindi 200 katika misimu mitano, na cha mwisho kilisikika Machi 2021.

Kisa chake ni chepesi kukieleza. Katika Taasisi ya Magnus, jijini London, watu huleta ushuhuda wa mambo yasiyoelezeka yaliyowapata. Mtunza nyaraka mpya anaikuta hifadhi ikiwa vurugu tupu, urithi wa mtangulizi wake Gertrude Robinson, naye anaanza kuusoma ushuhuda huo kwa sauti ili aurekodi. Baadhi yake haukubali kurekodiwa kwa kompyuta, hivyo analazimika kutumia kinasa sauti cha kanda. Mwanzoni huwadharau mashahidi. Dharau hiyo, tunakuja kugundua, ilikuwa namna ya kuficha hofu yake mwenyewe.

Simulizi za kutisha za sauti hazikuwa jambo geni kwa Waingereza. BBC ilikuwa ikirusha Appointment with Fear tangu mwaka 1943. Jipya lilikuwa kiasi cha kazi aliyoachiwa msikilizaji. Kila ushuhuda ulikuwa na namba, na wa kwanza ulikuwa 0122204. Wenye macho makali waling'amua kwamba namba hiyo ilikuwa tarehe: mwaka 2012, siku ya 22, mwezi wa nne. Basi wakaanza kupanga ushuhuda wote kwa mfuatano wa miaka, kutafuta majina yanayojirudia, na kujadiliana kuhusu kitabu kilichotajwa katika kipindi kimoja na kuonekana tena katika kingine. Walifanya kazi ya watunza nyaraka halisi, bila mshahara, kwa furaha.

Mfano ulio bora kuliko yote ni ule wa Sasha James. Mwishoni mwa msimu wa kwanza, msaidizi huyu wa hifadhi anaangamizwa, na kiumbe kingine kinachukua nafasi yake, jina lake na dawati lake. Wenzake ofisini hawashtuki, kwa kuwa kumbukumbu zao zimegeuzwa. Wanaamini kwamba Sasha amekuwa hivyo siku zote. Msikilizaji, hata hivyo, anasikia sauti nyingine kabisa, maana sehemu hiyo sasa inaigizwa na mtu mwingine. Kanda za zamani bado zinaitunza sauti ya kweli. Mwalimu wa uraia hawezi kupita hapa bila kusimama kidogo. Watu wote wa ofisi moja wamekubaliana juu ya uongo bila kujua kuwa ni uongo, na kanda chache zilizosahaulika kabatini zinawakanusha. Sijapata njia nyepesi kuliko hii ya kuwaeleza wanafunzi kwa nini dola zinazoogopa historia huanza na makabati ya nyaraka.

Kwa kuwa yote yalikuwa sauti tu, wahusika hawakuwa na nyuso. Hapo ndipo mapenzi ya mashabiki yalipopata uwanja mpana. Walimchora Mtunza Nyaraka kwa maelfu ya sura, huyu mweupe, yule mwenye asili ya Asia, mwingine mwenye mvi na makovu. Walimchora Martin Blackwood, msaidizi mpole ambaye mapenzi kati yake na Mtunza Nyaraka yalikua taratibu msimu hadi msimu. Walitunga nyimbo, wakashona mavazi, wakaandika hadithi zao wenyewe. Hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake kwamba amekosea sura.

Wangeweza kuzuiwa? Kwa sheria ya kawaida, mengi ya hayo yangehitaji ruhusa. Lakini kila kipindi kilimalizika kwa tangazo kwamba kinatolewa chini ya leseni ya Creative Commons, mpango ulioasisiwa Marekani mwaka 2001. Leseni iliyochaguliwa ilikuwa na masharti matatu: umtaje mtunzi, usifanye biashara, na utakachokitunga kutokana na kazi hiyo nawe ukitoe kwa masharti yaleyale. Ni leseni ya kimataifa, hivyo kijana wa Kampala au Bujumbura anayo haki ileile aliyo nayo mwenzake wa London. Wengi huiita hisani. Mimi naiona kama mkataba, kwa sababu inampa shabiki haki na papo hapo inamfunga kwa wajibu.

Kuna mpaka mmoja, hata hivyo, ambao leseni haikuugusa. Shabiki aliruhusiwa kuandika mwisho wake mwenyewe, lakini hakuruhusiwa kumwandikia Sims mwisho wa Sims. Mwishoni mwa msimu wa nne, Oktoba 2019, Mtunza Nyaraka anasoma ushuhuda ambao kumbe ni mtego: maneno anayoyatamka yanaufungulia ulimwengu mlango wa hofu. Msimu wa tano ukaanza Aprili 2020, wakati Waingereza wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, nao ulihusu dunia ambamo kila mtu ananaswa na hofu yake huku jicho kubwa likitazama na kushiba. Jicho hilo linafanana mno na sisi wasikilizaji. Miaka minne tulikuwa tumeburudika kwa maumivu ya mashahidi. Nadhani ndiyo sababu kipindi cha mwisho kiliwaliza wengi na kuwakera baadhi: hakikuwapa wapenzi hao wawili maisha ya raha waliyokwisha kuchorewa na mashabiki mara elfu. Mtunzi hakuubadili.

Mwaka 2022 kampuni iliomba michango ya umma kwa ajili ya simulizi mpya, na mashabiki wakatoa mara nyingi zaidi ya kiasi kilichoombwa. The Magnus Protocol ilianza Januari 2024, ikiwa na ofisi nyingine na wafanyakazi wengine, ambamo kompyuta kuukuu husoma taarifa za kutisha kwa sauti. Wafanyakazi hao hawazifahamu sauti hizo. Wasikilizaji walizitambua mara moja: mbili kati yake zilikuwa za Martin na Mtunza Nyaraka.