Kombi kuukuu na gharama zake katika nchi ya majani chai

KWA mkulima wa majani chai katika kaunti za Kericho na Bomet, malipo ya bonasi, ambayo wakulima wa viwanda vya KTDA huyapokea mwishoni mwa mwaka wao wa kazi, kwa kawaida kuelekea Oktoba, huwa ni wakati wa kupanga mambo makubwa. Kuna karo, kuna paa la nyumba, kuna ng'ombe wa gredi. Na kwa baadhi yao, kuna gari.

Mwenye fedha za kiasi hujikuta akitazama gari kuukuu linalouzwa kwa bei ya kuvutia. Miongoni mwa magari hayo, hakuna linaloteka moyo kama Kombi ya Volkswagen. Ina nafasi ya jamaa nzima na mizigo yao, na viti vya nyuma vikiondolewa, hutoshea kitanda na jiko dogo la gesi, safari ya kwenda Maasai Mara kupitia Mulot na Narok ikawa haihitaji hoteli.

Hata hivyo, bei ya kununulia ni malipo ya kwanza tu. Yaliyosalia hudaiwa polepole na mvua, milima na hewa nyepesi ya nyanda za juu. Asiyejua deni hilo linatozwa wapi hujikuta akipaka rangi gari ambalo breki zake zimekwisha.

Asili ya Kombi

Kombi ilianza kuundwa nchini Ujerumani mwaka 1950, baada ya mfanyabiashara Mholanzi, Ben Pon, kuchora umbo lake katika daftari mwaka 1947. Ilitumia mtindo wa injini ya gari dogo la Beetle: silinda nne zilizolala ubavuni, zikiwa nyuma ya gari, zikipozwa kwa upepo badala ya maji.

Sifa ya injini hiyo katika Afrika Mashariki haikutokana na matangazo ya biashara pekee. Beetle ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1962, katika barabara za vumbi na matope zilizowashinda wengi. Kombi nazo zikawa magari ya misheni, hospitali, shule na kampuni za watalii, hadi magari ya Kijapani ya Nissan na Toyota yalipozichukulia nafasi.

Umbo la pili la Kombi, ambalo ndilo linalokumbukwa zaidi, lilianza mwaka 1967. Ujerumani iliacha kuliunda mwaka 1979, lakini Brazil iliendelea na umbo hilo hadi Desemba 2013. Kwa sababu hiyo, spea nyingi za injini bado zinatengenezwa, ingawa sehemu za bodi ni adimu.

Uhaba huo una sababu ya hapa nyumbani pia. Kanuni ya ubora ya KS 1515:2000 hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililotumika kwa zaidi ya miaka minane. Kwa hiyo Kombi kuukuu haiwezi kuletwa kutoka ng'ambo kuja kukatwa vipande. Anayetafuta mlango au dirisha hulazimika kulitoa katika Kombi iliyokufa papa hapa nchini.

Mwinuko na nguvu za injini

Sehemu kubwa ya mashamba ya majani chai ya Kericho na Bomet iko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mahali hapo hewa ni nyepesi, na injini isiyo na msaada wa kusukumiwa hewa hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko.

Injini ya Kombi ya cc 1,600 huwa na nguvu za farasi zipatazo 50 pwani. Ikifika Kericho, zinabaki kama 40. Hizo 40 ndizo zinazotarajiwa kuvuta gari ambalo, likijaa watu na mizigo, huweza kufika uzito wa tani mbili, katika milima ya barabara ya Litein na Kaplong.

Isitoshe, kabureta iliyopimwa kwa hewa ya Mombasa hutoa petroli nyingi kupita kiasi ikiwa Kericho. Dalili zake ni moshi mweusi, plagi zenye masizi na kiu ya petroli isiyoisha. Dawa yake ni fundi kuweka jeti ndogo zaidi katika kabureta. Ni kazi ya muda mfupi, lakini wamiliki wengi hubadilisha plagi mara kwa mara wakiacha chanzo chenyewe.

Kombi iliyo katika hali nzuri hutumia takriban lita 13 kwa kilomita 100. Ushuru wa kukarabati barabara ulipopandishwa Julai 2024 kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita, mwenye Kombi alijikuta akilipa Sh325 za ushuru huo pekee kwa kila kilomita 100, kabla ya bei ya petroli yenyewe na kodi nyinginezo.

Joto, mafuta na ukanda wa feni

Gari lisilo na maji halichemshi rejeta, lakini huungua kimya kimya. Katika injini hii, mafuta ndiyo damu na pia ndiyo sehemu ya mfumo wa kupoza, na ujazo wake ni lita mbili na nusu tu. Injini ya cc 1,600 haina chujio la karatasi, ina wavu mdogo wa waya pekee. Kwa hiyo mafuta yapasa kubadilishwa kila kilomita 5,000 au kabla ya hapo.

Vali nazo huhitaji kupimwa injini ikiwa baridi, nafasi ikiwa milimita 0.15 kwa injini nyingi za aina hii. Vali iliyokaza huungua, na vali iliyoungua hudai injini ifunguliwe. Kazi ya dakika chache inayoahirishwa huzaa kazi ya siku kadhaa.

Jambo la hatari zaidi ni ukanda wa feni. Ukikatika, feni husimama na jenereta husimama pamoja nayo, na taa nyekundu huwaka mbele ya dereva. Wapo wanaodhani kwamba taa hiyo ni ya betri tu, wakaendelea na mwendo hadi kituo kinachofuata. Dakika chache za kupanda mlima bila feni zatosha kuiharibu injini kabisa. Taa hiyo ikiwaka, simama. Ukanda wa akiba na spana ya kuufungia havipaswi kukosekana garini.

Kadhalika, mabomba ya mpira yanayopitisha petroli karibu na injini hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyopita. Petroli ikidondoka juu ya injini moto, Kombi huteketea kwa muda mfupi. Bomba jipya ni miongoni mwa spea za bei ya chini kabisa, na ndilo linaloweza kuokoa gari zima pamoja na waliomo. Kizima-moto nacho si pambo.

Mvua na kutu

Kericho hupata mvua karibu mwaka mzima, kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka. Neema hiyo ya majani chai ndiyo adui mkubwa wa chuma. Maji hupenya kwenye mpira wa dirisha la mbele uliokauka, hutulia chini ya zulia, na kuanza kula sakafu pasipo mtu kuona. Matope ya barabara za kuelekea vituo vya kununulia majani chai nayo hujibana juu ya magurudumu na ndani ya mihimili ya chini, yakihifadhi unyevu kwa majuma.

Kombi haina fremu tofauti kama lori. Bodi ndiyo mifupa yake. Mihimili ya chini ikioza, gari hupinda, milango hukataa kufunga, na mahali pa kufungia mikanda ya usalama hupoteza nguvu.

Mnunuzi na alale chini ya gari kabla ya kulipa, agonge chuma kwa bisibisi. Penye rangi nene mpya chini ya milango pana siri. Injini hufungwa kwa boliti kuu nne na fundi hodari huitoa kwa muda mfupi, lakini sakafu iliyooza huhitaji siku nyingi za kukata na kuchomelea, na malipo ya fundi hupita bei ya mabati yenyewe.

Breki kabla ya rangi

Katika nchi ya milima, breki hutangulia kila kitu. Kombi za kabla ya mwaka 1971 zilikuwa na dramu katika magurudumu yote manne, na dramu zikilowa maji au zikipata moto katika mteremko mrefu, hupunguza nguvu. Aidha, mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Katika eneo lenye mvua kama hili, yafaa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama hayajapungua.

Wakazi wa eneo hili hawahitaji kukumbushwa kuhusu miteremko. Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani liliwaua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa wachuuzi na wasafiri waliokuwa kando ya barabara. Lori hilo halikuwa Kombi, lakini barabara haichagui. Gari lisiloweza kusimama si mali ya mwenyewe tu, ni hatari ya jirani.

Sheria na daftari

Bima ya kuwalinda watu wengine ni ya lazima kwa kila gari barabarani. Bima kamili ni vigumu kuipata kwa gari lililozeeka, kwa hiyo mwenye Kombi hubeba hasara yake mwenyewe akigonga au likiungua. Anayetaka kubebea abiria kwa malipo ana mzigo zaidi: ukaguzi wa kila mwaka, mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo, masharti yaliyoanza kutekelezwa kwa matatu Februari 2004.

Spea nyingi huagizwa kutoka Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na kupakiwa katika basi au matatu. Ni busara kutuma spea ya zamani, au picha yake na nambari iliyochapwa juu yake, kwa kuwa spea isiyofaa hugharimu nauli mara mbili na siku za kazi zilizopotea.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye gari kuukuu na aandike kila anachotumia, akitenganisha mambo matatu: yanayodaiwa na sheria, ya matunzo ya kawaida, na ya ghafla. Mwaka ukiisha, akikuta ya ghafla yamezidi ya matunzo, ajue kwamba anaahirisha mambo. Na matengenezo ya mwaka mmoja yakikaribia bei aliyonunulia gari, daftari litakuwa limempa jibu ambalo moyo ulikuwa ukilikataa.

Yule atakayeamua kubaki na Kombi yake, basi na afuate mpangilio huu: kwanza breki na usukani, pili mabomba ya petroli, tatu sakafu na mihimili, nne injini. Rangi ije mwisho, bonasi ikibaki.