Maji ya Tatu

Wengi wetu huamini kwamba nguo husafishwa na sabuni. Kwa kweli sabuni hufanya nusu ya kazi tu. Nusu ya pili hufanywa na maji yanayoiondoa sabuni yenyewe. Jambo hili dogo lina historia yake, na historia hiyo imepita hata huku kwetu Mwimbi, katika nyanda za juu za Ufipa.

Katika karne ya 19 Wafipa walifuma nguo zao kwa pamba. Kisha ikaja merikani, kitambaa cha viwanda vya Marekani kilichozidi kuingia Pwani baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya nchi hiyo na Seyyid Said, na misafara ikakifikisha bara. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu walifua kwa maji yaliyochujwa katika majivu. Majivu yana magadi, na magadi hung'oa mafuta. Lakini magadi huchoma ngozi, kwa hiyo nguo isiyosuuzwa vema ilimwasha mvaaji. Ndiyo kusema somo la kusuuza lilitangulia sabuni ya dukani.

Sabuni ya mche nayo ilikuwa na kasoro yake. Katika maji yenye chokaa nyingi huganda na kuacha utando wa kijivu kwenye nguo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani, kwa kukosa mafuta, walianza kubuni vitu vya kufulia visivyo sabuni halisi. Mwaka 1946 Wamarekani walianza kuuza unga uitwao Tide. Unga wa namna hii haugandi ovyo katika maji magumu. Shida ya zamani ikapungua, ikazaliwa mpya: mtu kuweka unga mwingi kuliko maji yanavyoweza kuuondoa.

Hapa Tanzania shida hiyo ilichelewa, kwa sababu ya kusikitisha. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na fedha za kigeni zilipopungua, sabuni iliadimika nchi nzima. Watu walipanga foleni kwenye maduka ya ushirika, na wengine wakafua kwa majani ya mpapai. Nani angelalamika wakati ule kwamba sabuni imebaki kwenye shati? Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa, na sabuni ikarudi. Lakini tulikwisha kuionea kiu. Tangu hapo povu limekuwa kwetu kama dalili ya neema: lisipofurika beseni, twaona hatujafua.

Kiu hiyo tumeihamishia kwenye mashine. Mfuaji wa mtoni huyatazama maji yakitoka meupe, kisha hafifu, kisha safi, ndipo akamue. Mashine nyingi hazitazami. Zinafuata muda zilizopangiwa. Zile zenye mlango wa mbele hutumia maji machache, na povu likizidi nguo hazisuguani, zinaelea tu kwenye mto wa povu. Zikikauka, nguo nyeusi zina michirizi meupe, taulo ni gumu, na mtoto mchanga anajikuna. Mama hulaumu mbu au joto.

Dawa yake si ngumu. Pima unga, tena upunguze kama maji yako hutoa povu upesi. Ukifua kwa maji baridi, uyeyushe kwanza. Usiishindilie mashine mpaka mkono usipite juu ya nguo. Ukiona povu mwishoni, isuuze tena kwa maji matupu.

Lakini wengi wetu bado twafua kwa beseni, na hapo hesabu ni ya ndoo. Maji ya kwanza hufua, ya pili husuuza, ya tatu humaliza. Kisima kikiwa mbali, ni hayo ya tatu yanayoachwa, na anayeyaacha si mvivu. Ameyabeba kichwani na anajua uzito wake. Kumwambia asuuze zaidi ni kumwongezea safari. Tumwambie atumie sabuni kidogo zaidi, maana kila konzi ya unga iliyozidi itadai ndoo yake. Kipimo tulichowekewa na ufukara miaka ile, sasa tujiwekee wenyewe kwa kujua.