Mnara wa Taa wa Scarborough

Mnara wa Taa wa Scarborough ni mnara mweupe uliopo kwenye gati la Vincent, katika bandari kongwe ya wavuvi ya Scarborough, Yorkshire Kaskazini, Uingereza. Ulijengwa mwaka 1806. Kazi yake ya awali ilihusu zaidi kina cha maji kuliko miamba: bandari hiyo hukauka sehemu kubwa maji yakipwa, hivyo bendera mchana na taa usiku ziliwajulisha manahodha kwamba maji yamejaa vya kutosha kuingia. Katika karne ya 19, bandari iliposhamiri kwa uvuvi wa heringi, mnara uliongezwa urefu.

Asubuhi ya tarehe 16 Desemba 1914 manowari za Ujerumani Derfflinger na Von der Tann ziliupiga mji huo kwa mizinga, ingawa haukuwa na ngome ya kuutetea (kasri lake lilikuwa gofu la kale). Kombora moja liliutoboa mnara. Kwa kuhofiwa kuanguka, ukabomolewa, likabaki jengo la chini. Shambulio hilo liliwaghadhibisha Waingereza, na jina la Scarborough likatumika kwenye mabango ya kuandikisha askari. Mnara ulijengwa upya mwaka 1931.